Fundi wa karatasi na siri ya uji wa ngano

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wengi wetu tuliokulia katika nyumba za udongo tunaijua kazi ya kubandika magazeti ukutani. Sikukuu ilipokaribia, mama alikoroga uji mwepesi wa unga wa ngano, usio na chumvi wala sukari, akauacha upoe. Sisi watoto tulipewa kazi ya kuupaka nyuma ya magazeti ya zamani, yale ya kufungia vitumbua, na yeye akayapandisha ukutani moja baada ya jingine, akiyapangusa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Jioni chumba kilikuwa kimebadilika. Upepo haukupita tena kwenye nyufa, na vumbi la udongo halikudondoka tena kitandani.

Ukuta ule ndio ulionifundisha kusoma kabla sijaandikishwa shule. Kuna habari moja ya kesi ya wizi wa ng'ombe ambayo hadi leo sijui iliishaje, kwa sababu safu yake ya mwisho ilikuwa nyuma ya kabati.

Katika ukuta huo palikuwa na ukurasa mmoja wa heshima. Ulikuwa na picha ya timu ya mpira ya kiwanda alichofanyia kazi baba, naye amesimama mstari wa nyuma. Kaka yangu mkubwa aliogopa kwamba uji wa mama ungeachia, akaubandika ukurasa ule kwa gundi ya seremala. Ulishika kweli kweli. Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshafariki, nyumba ile ilitakiwa kubomolewa kupisha barabara. Mama alichukua kitambaa na maji ya uvuguvugu, akaanza kulowesha kuta. Kurasa zake ziliachia polepole, nyingine nzima nzima. Ukurasa wa kaka ulikataa. Tuliulowesha, tukaukwangua kwa kisu, ukatoka vipande vipande pamoja na madonge ya udongo. Tulichookoa ni miguu ya wachezaji na nusu ya mpira. Hatukuwa na picha nyingine ya ujana wa baba.

Kisa hicho kimenirudia nilipokuwa nikisoma historia ya karatasi za ukutani za Ulaya, na hasa kazi ya mafundi waliozibandika na wale wanaozihudumia leo katika majumba ya kale. Nilidhani nitakuta habari za wenye fedha na mapambo yao. Nilichokuta ni kwamba karatasi zilizodumu miaka mia mbili na zaidi zimeokolewa na kitu kile kile alichokuwa nacho mama katika sufuria yake.

Tuanze mwanzo. Wakubwa wa Ulaya ya zamani walifunika kuta zao kwa vitambaa vizito vya kufumwa, au kwa ngozi iliyopakwa dhahabu. Kuta za mawe zina baridi, na vitambaa hivyo vilikuwa blanketi la nyumba. Asiyeweza gharama hiyo alitafuta cha kuigiza, na cha kuigiza kilikuwa karatasi. Mwaka 1911, mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba ya mkuu wa Chuo cha Christ's, huko Cambridge nchini Uingereza, walikuta vipande vya karatasi yenye mapambo juu ya boriti za dari. Vilikuwa vya mwaka 1509 hivi, kazi ya mchapaji aitwaye Hugo Goes. Ni miongoni mwa karatasi za mapambo za kale kabisa zinazojulikana katika nchi hiyo. Sasa sikiliza jambo hili. Mapambo yale yalikuwa yamechapwa nyuma ya karatasi chakavu zilizokwisha kuchapwa maneno, na mojawapo lilikuwa tangazo la Mfalme Henry wa Nane alipokalia kiti cha enzi. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, hata chuo kikubwa cha Cambridge kilianza kwa kubandika habari za jana.

Karne mbili baadaye karatasi za ukutani zilikuwa biashara, na palipo na biashara serikali haiko mbali. Mwaka 1712, wakati wa Malkia Anne, Uingereza iliweka kodi ya peni moja kwa kila yadi ya mraba ya karatasi iliyochapwa au kupakwa rangi. Ofisa wa kodi aligonga muhuri nyuma ya karatasi. Watu nao wakawa wajanja: walinunua karatasi tupu isiyo na mapambo, wakaibandika, kisha wakamwita mchoraji aje kuipaka maua ikiwa tayari ukutani. Serikali iliongeza kodi na kuongeza ukali, hata ikafika mwaka 1806 kughushi muhuri ule kukawa na adhabu ya kifo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1836. Leo mihuri ile ni furaha ya wanahistoria, maana inawasaidia kukadiria umri wa karatasi.

Karatasi iliyotukuzwa kupita zote wakati huo ilitoka China. Wachoraji wa Canton, mji unaoitwa leo Guangzhou, walichora kwa mkono miti, mianzi, ndege na vipepeo juu ya karatasi ndefu, na meli za Kampuni ya India Mashariki zikazileta London. Michoro yake haikujirudia. Ukizunguka chumba unatembea katika bustani moja, kila ndege na tawi lake. Seti moja ya karatasi hizo ilikuwa mali kubwa, na mwenye nayo hakumpa mtu yeyote tu kuibandika.

Katika jumba la Felbrigg, kaskazini mwa jimbo la Norfolk, iko karatasi ya Kichina iliyobandikwa mwaka 1752. Mwenye nyumba, William Windham, ilimbidi aletewe fundi maalumu kutoka London, jina lake John Scrutton, kwa malipo ya shilingi 3 na peni 6 kwa siku, pamoja na gharama za safari. Windham alinung'unika kwamba bei hiyo ilikuwa kubwa mno. Na ni kwa sababu ya manung'uniko hayo, pamoja na hesabu za nyumba, kwamba jina la Scrutton limetufikia. Mafundi wengine wengi wa zama zake hawakuacha hata jina. Walioacha majina ni wenye nyumba na wauzaji, kama Thomas Chippendale, mtengeneza samani mashuhuri, ambaye mwaka 1771 alileta karatasi ya Kichina katika jumba la Nostell, huko Yorkshire.

Je, Scrutton alifanya nini cha kustahili fedha zile? Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na naomba tukae hapa kidogo.

Fundi mzuri hakuanza na karatasi. Alianza na ukuta. Aliugonga kwa vifundo vya vidole kutoka juu hadi chini, akisikiliza mahali ambapo lipu imeachana na mawe, kwa sababu hapo sauti huwa tupu kama ya debe. Palipoachana alipabomoa na kupajaza upya. Nyufa alizifuata moja moja. Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo angeielewa bila kutafsiriwa. Kisha aliupaka ukuta gundi nyepesi sana, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ili ukuta usinywe maji ya gundi ya karatasi kabla karatasi haijakaa sawa.

Katika majumba makubwa, na hasa kwa karatasi za Kichina, alikwenda mbali zaidi. Alipigilia fremu ya mbao nyembamba ukutani, akatandaza juu yake kitambaa cha katani au pamba nzito na kukikaza kwa misumari midogo. Juu ya kitambaa alibandika karatasi tupu ya chini, na juu ya hiyo ndipo ikaja ile yenye ndege na mianzi. Kati ya ukuta na kitambaa palibaki nafasi ya hewa, kwa hiyo unyevu wa mawe haukuifikia karatasi. Na siku mwenye nyumba alipohama, au alipoanguka kiuchumi akauza vitu vyake, misumari iling'olewa na bustani nzima ya Canton ikaenda kwenye nyumba nyingine.

Baada ya ukuta, gundi. Ilikuwa uji wa unga wa ngano. Uliloekwa kwa maji baridi kwanza ili usifanye madonge, ukachemshwa huku ukikorogwa bila kupumzika, ukachujwa kwa kitambaa. Wengi walitia shabu, hii hii tunayoijua madukani, ili uji usioze upesi na wadudu wasiupende. Ukiwa mzito huacha vinundu chini ya karatasi. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, karatasi huachia pembeni baada ya majira mawili ya baridi. Kijana aliyejifunza kazi alianzia kwenye sufuria na brashi, na alikaa huko muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa karatasi ya mteja.

Na karatasi yenyewe haikuwa kitu cha kuguswa ovyo. Hadi miaka ya 1830 hivi, jora la karatasi ya ukutani kwa kawaida liliundwa kwa karatasi ndogo ndogo zilizotengenezwa kwa mkono, zikagundishwa ncha kwa ncha. Mapambo yalichapwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, kila rangi na kibao chake. Rangi zilikuwa unga wa chaki uliochanganywa na rangi na gundi ya wanyama. Zikikauka huwa na ulaini wa kupendeza, hazing'ai, lakini haziwezi maji hata kidogo. Kidole kimoja kibichi usoni mwa karatasi huacha doa la kudumu. Hebu fikiria basi: fundi anashika karatasi ndefu kuliko yeye, mgongo wake wote umelowa uji, na uso wake haupaswi kuguswa na hata tone moja.

Tena karatasi ikilowa hutanuka. Fundi akishaipaka uji humpasa kuikunja mgongo kwa mgongo na kuiacha inywe. Akiibandika mapema mno, itatanukia ukutani na kufanya mapovu. Akichelewa, itachanikia mikononi. Kila aina ya karatasi ina muda wake, na muda huo hubadilika na hali ya hewa ya siku. Saa ya kazi hiyo ni vidole.

Halafu timazi. Nyumba za kale hazijanyooka, pembe zake si pembe, dari zake zimelala. Fundi aliyefuata pembe ya chumba alijikuta baada ya vipande vitano miti yake inaanguka upande. Kwa hiyo alining'iniza timazi, akachora mstari, akafuata mstari huo na kusahau pembe. Ukingo wa karatasi aliukata kwa mkasi upande mmoja, na upande wa pili akauacha ili kipande kinachofuata kiulalie. Alianza karibu na dirisha na kwenda mbali nalo, ili ule mlalo usitupe kivuli mbele ya mwanga. Kama pambo lilikuwa kubwa, alianzia katikati ya ukuta wa mahali pa moto, ili ua lisimame mbele ya macho ya mgeni.

Na mwisho wa mzunguko, kipande cha mwisho kinapokutana na cha kwanza, maua hayakutani. Hayakutani kamwe, kwa sababu hakuna chumba kilichojengwa kwa kipimo cha ua. Ufundi ni kujua tangu asubuhi utaificha wapi aibu hiyo. Wengi waliificha juu ya mlango, mahali ambapo mtu huangalia kitasa. Katika karatasi za Kichina walikuwa na hila nyingine: walikata ndege na vipepeo kutoka vipande vilivyobaki, wakawabandika juu ya kila kiungo na kila doa. Kipepeo anayependeza kuliko wote pengine amekaa juu ya kosa.

Lakini nilitaja siri ya uji, na sasa nitaisema. Karatasi iliyolowa hutanuka, na ikikauka husinyaa. Ikisinyaa huvuta. Gundi ikiwa na nguvu kupita kiasi, mvuto huo huondoka na lipu ya ukuta, au hung'oa karatasi ya zamani iliyo chini, au huichana karatasi yenyewe. Kwa hiyo kati ya vitu vitatu, yaani ukuta, gundi na karatasi, kinachotakiwa kushindwa kwanza ni gundi. Fundi cherehani mzuri hashoni kanga kwa uzi wa kushonea viatu, kwa sababu siku vikivutana kitakachochanika ni kanga. Uji wa ngano hushika vya kutosha kwa miaka mia, na ukiombwa kwa maji na subira huachia.

Ubishani wa gundi haukumhusu tu mwenye nyumba. Nyuma ya karatasi hizi palikuwa na maelfu ya watu wa mshahara. Jijini Paris, katika kitongoji cha Saint-Antoine, Jean-Baptiste Réveillon alikuwa na kiwanda cha karatasi za ukutani chenye wafanyakazi zaidi ya 300. Karatasi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1783 ndizo zilizopamba puto la hewa moto la ndugu Montgolfier, lile lililomrusha kondoo, bata na jogoo mbele ya mfalme huko Versailles. Lakini mwezi Aprili 1789, mkate ukiwa ghali na njaa ikiwa kali, Réveillon alisema katika mkutano kwamba bei ya mkate ingeshushwa ili mishahara nayo iweze kushuka. Uvumi ukaruka mitaani kwamba tajiri amesema mtu anaweza kuishi kwa sou 15 kwa siku. Tarehe 28 Aprili umati ulivamia nyumba na kiwanda chake na kuvisambaratisha. Askari walifyatua risasi, na watu wengi waliuawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Réveillon alikimbilia ngome ya Bastille. Miezi mitatu haikutimia, Bastille nayo ikaangushwa, na Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Ndivyo ilivyotokea kwamba damu iliyotangulia mapinduzi yale ilimwagika mlangoni pa kiwanda cha mapambo ya ukuta.

Ufaransa iliendelea kuongoza kazi hiyo hata baada ya mapinduzi. Katika kijiji cha Rixheim, jimbo la Alsace, kampuni ya Zuber ilitengeneza karatasi zinazoonyesha nchi nzima kuzunguka chumba. Mwaka 1834 ilitoa mandhari za Amerika ya Kaskazini, zilizobuniwa na Jean-Julien Deltil: maporomoko ya Niagara, bandari ya Boston, ghuba ya New York. Ni vipande 32, vilivyochapwa kwa vibao 1,690 na rangi 223. Tukitazama kwa macho ya Kiafrika tunaona jambo la ziada. Katika picha hizo wamo watu weusi waliovaa vizuri, wanatembea bandarini pamoja na wazungu, mwaka ambao mamilioni ya ndugu zao walikuwa bado watumwa katika mashamba ya kusini mwa nchi hiyo hiyo.

Seti moja ya karatasi hiyo ilibandikwa katika nyumba moja ya mji mdogo wa Thurmont, jimbo la Maryland. Mwaka 1961 nyumba hiyo ilipokuwa inakwenda kubomolewa, karatasi ilinunuliwa kwa dola 50, ikabanduliwa ukutani, kisha chama cha wapambaji wa nyumba kikainunua kwa dola 12,500 na kuitoa zawadi. Jacqueline Kennedy akaiweka katika Chumba cha Mapokezi ya Kidiplomasia cha Ikulu ya Marekani. Wapo waliolalamika kuhusu bei, maana Zuber walikuwa bado wanachapa karatasi ile ile kwa vibao vile vile. Mimi nauliza swali dogo tu. Kama fundi wa Thurmont asiyejulikana jina angeibandika karatasi ile kwa gundi ya kaka yangu, Jacqueline Kennedy angepata nini?

Wakati mandhari zile zinachapwa, mashine ilikuwa njiani. Mwaka 1839 kiwanda cha Potter cha Darwen, Lancashire, kilipata hataza ya mashine ya kuchapa karatasi za ukutani kwa mvuke. Mwaka 1834 Uingereza ilitengeneza majora yapatayo milioni moja; kufikia 1860 yalikuwa karibu milioni tisa. Bei ikaanguka, na mfanyakazi wa kawaida akaweza kununua maua ya sebuleni kwake.

Pamoja na maua akanunua sumu. Rangi ya kijani iliyopendwa mno ilitokana na ugunduzi wa mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, wa mwaka 1775, na ndani yake mna aseniki. Vumbi lake lilipukutika vyumbani, na penye unyevu kuvu walioota juu ya karatasi waliweza kutoa hewa yenye aseniki. Mwaka 1874, Dkt. Robert Kedzie wa Michigan, Marekani, alitengeneza nakala 100 za kitabu chenye sampuli 86 za karatasi zenye sumu, akakiita kwa jina lenye maana ya vivuli kutoka kwenye kuta za mauti, akakigawa kwa maktaba ili watu waonywe. Nakala nyingi baadaye ziliharibiwa kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa sumu. Nani aliyemeza vumbi hilo zaidi ya wote? Ni wachapaji viwandani, na ni fundi aliyekwangua karatasi ya zamani ili abandike mpya.

Karne ya 20 ilileta rangi za kupaka za bei nafuu, kisha karatasi zenye plastiki juu na gundi za viwandani zilizokwisha kupakwa nyuma. Mtu yeyote akaweza kubandika mwenyewe Jumamosi mchana. Sina ugomvi na hilo. Ila kazi ya timazi, uji na vidole ilibaki kwa wazee wachache, na majumba ya kale yalipoanza kuanguka karatasi zake, watu walilazimika kuwatafuta wazee hao, na kusoma upya vitabu vya hesabu na mgongo wa karatasi zenyewe ili kujua zilibandikwaje.

Anayejifunza kazi hii leo kwa ajili ya majumba ya historia hujifunza kwanza kubandua. Katika nyumba moja anaweza kukuta karatasi kumi, moja juu ya nyingine, kila kizazi na ua lake. Hubandua kwa mvuke na kisu butu, tabaka kwa tabaka, akiangalia mihuri ya kodi, viungo vya karatasi na rangi. Kijani hukigusa kwa glavu na barakoa. Kilichopasuka hukitia mgongo wa karatasi ya Kijapani itokanayo na magome ya aina ya mforsadi, nyembamba lakini yenye nyuzi ndefu. Kisha hurudisha ukutani kwa wanga wa ngano uliopikwa. Pamoja na maabara zote zilizopo, bado ni uji. Kanuni inayoongoza ni kwamba usifanye jambo ambalo atakayekuja baada yako hataweza kulitengua. Huenda yeye atajua zaidi yako. Mwachie nafasi.

Kanuni hiyo inatuhusu hata sisi tusio na karatasi za Canton. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu. Kuta zile za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, kitu laini kinachoruhusu unyevu wa ukuta kutoka. Akaja mtu mwenye haraka na nia njema, akapiga saruji juu yake kwa kuwa saruji ni ngumu. Unyevu ukafungiwa ndani, chumvi ikala mawe, na siku saruji ilipobanduka iliondoka na nyama ya ukuta. Ni gundi ya seremala ile ile, kwa sura nyingine. Mafundi wanaojua kupika na kupiga chokaa wapo, na wengine ni wazee. Ingefaa vijana wakae nao kabla hatujafikia hatua ya kusoma kazi yao kwenye mgongo wa ukuta.

Kaka yangu hakukosea kwa uzembe. Alimpenda baba, akachagua gundi kali kuliko zote ili baba asibanduke. Mama alimpenda vile vile, lakini alikuwa amehama nyumba mara nne maishani mwake na alijua kwamba kila ukuta una siku yake. Kurasa alizozibandua siku ile alizianika kwenye kamba kama nguo, akazikunja, akahama nazo. Ninazo tatu hadi leo. Ile ya kesi ya ng'ombe haimo.